Kalemie: maji yanapanda, nani atabaki na picha za mji?

KALEMIE – Mwombe mkaaji wa Kalemie akuonyeshe foto ya harusi yake, ataitoa mara moja. Iko ndani ya simu, au katika albamu iliyofungwa kwa kitambaa. Mwombe sasa foto ya avenue yake, jinsi ilivyokuwa kabla maji ya ziwa hayajapanda. Hapo atatafuta sana. Nyumba ya wazazi itaonekana nyuma ya bibi harusi, nusu ya ukuta tu. Mwembe wa uwanjani utakuwa pembeni, umekatwa na ukingo wa foto.

Jambo hilo lilionekana dogo hadi miaka michache iliyopita. Lakini mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia katika mitaa ya ufuko. Familia zilihama na magodoro yao kichwani. Maji yalifika hata kwenye avenue Lumumba, barabara kubwa ya mji. Nyumba zilizolala ndani ya maji kwa miezi zilianguka, moja baada ya nyingine. Kwa wengi waliozaliwa hapo, mahali pao pamebaki katika maneno ya mdomo tu.

Ndiyo sababu swali la kupiga picha majengo na barabara za mji si tena jambo la watalii. Linahusu kumbukumbu ya mji mzima, na pia haki: nani anaruhusiwa kupiga, anapiga nini, kwa ruhusa ya nani, na picha inabaki wapi.

Mji wenye mengi ya kuonyesha

Kalemie ina historia ndefu kuliko watoto wengi wa shule wanavyofikiri. Mwishoni mwa mwaka 1891, kapiteni Mbelgiji Alphonse Jacques, aliyekuja kupigana na wafanyabiashara ya watumwa, alijenga kituo chake hapa na kukiita Albertville, kwa jina la mwana wa mfalme Albert. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ziwani. Tangu wakati huo bandari na gare ya treni zimekuwa moyo wa mji.

Mwaka huo huo wa 1915, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walileta huku mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kutoka Afrika ya Kusini kwa treni na kuvutwa porini. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 zilizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Vita hiyo ya majini ilipiganwa mbele ya ufuko wetu, pale ambapo leo wavuvi hutafuta ndagaa.

Baadaye kilikuja kiwanda cha nguo cha Filtisaf, ambacho mashine zake zimenyamaza tangu miaka mingi, lakini jina lake lingali linatajwa na watu wanapoelekezana njia. Kusini, kando ya ziwa, kuna Mpala, ambapo Mbelgiji Émile Storms alijenga ngome mwaka 1883 na kuiachia Mapadri Weupe mwaka 1885. Mbele zaidi, juu ya Moba, kuna Kirungu, zamani Baudouinville, ambapo Stefano Kaoze alipewa upadri mwaka 1917, Mkongomani wa kwanza kuupata katika nyakati za ukoloni.

Anayependa kupiga picha ana zawadi nyingine hapa: mwanga. Kalemie inatazama mashariki. Jua linatoka ziwani, na asubuhi nyuso za majengo yote yanayotazama maji zinaangazwa moja kwa moja. Jioni jua linashuka nyuma ya vilima, na majengo hayo hayo yanabaki katika kivuli. Katika miezi ya kiangazi, moshi wa mioto ya pori na vumbi hufunika upeo wa ziwa. Mvua za kwanza zikinyesha, hewa inasafishwa na kila kitu kinaonekana wazi.

Picha za zamani ziko mbali

Picha za Albertville ya zamani zipo. Wamisionari walipiga, maofisa wa ukoloni walipiga, makampuni yalitengeneza kadi za posta na kuziuza. Lakini sehemu kubwa ya picha hizo haiko Kalemie. Makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, inatunza picha nyingi sana za Kongo ya ukoloni. Mapadri Weupe wana hazina yao Roma. Kijana wa Kalemie anayetaka kuona gare yake jinsi ilivyokuwa zamani anategemea intaneti, na anakuta picha iliyopigwa na mtu aliyesimama upande wa mabwana: meli, bandari, nyumba ya gavana. Mtaa wa wafanyakazi unaonekana mara chache, na mara nyingi watu waliosimama ndani yake hawana majina.

Wakongomani wengine wameonyesha kwamba mambo yanaweza kugeuzwa. Kinshasa, Jean Depara alipiga picha za Franco na za usiku wa mji miaka ya 1950 na 1960, na leo picha zake zinaonyeshwa katika makumbusho makubwa ya dunia. Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, alitengeneza mwaka 2006 kazi aliyoiita Mémoire. Alichukua watu kutoka picha za zamani za migodi ya Katanga, wengine wakiwa wafanyakazi waliosimamishwa mistari mbele ya kamera, akawaweka juu ya picha zake mwenyewe za viwanda vya Gécamines vilivyoharibika. Mtu anayetazama anaona nyakati mbili kwa pamoja, na anajiuliza ni nini kilichotokea katikati. Mwaka 2008 Baloji na wenzake walianzisha Lubumbashi mikutano ya wapiga picha, na shirika lao waliliita kwa neno letu la Kiswahili: Picha.

Kazi kama hiyo inaweza kufanywa Kalemie, mbele ya Filtisaf au mbele ya gare. Lakini ili miaka ishirini ijayo mtu aweze kuweka wakati wa leo kando ya wakati wake, ni lazima leo mtu apige.

Hofu ya kamera

Hapo tunafika kwenye shida ambayo kila mpiga picha wa inchi hii anaijua. Kwa muda mrefu, tangu zama za Mobutu, kupiga picha barabarani kulihitaji karatasi ya ruhusa. Hata leo, daraja, bandari, kiwanja cha ndege, kambi ya askari na majengo ya serikali ni mahali ambapo anayetoa kamera anaweza kusimamishwa, kuhojiwa, na kufutiwa picha zake. Katika jimbo ambalo limeona vita, kuna sababu ya kulinda sehemu kama hizo.

Lakini hebu tuhesabu. Ondoa bandari, gare, daraja la Lukuga na ofisi za serikali katika Kalemie. Kinachobaki ni kidogo. Historia ya mji huu imejengwa juu ya vitu hivyo hivyo ambavyo havipigwi picha. Matokeo yake, mgeni mwenye barua kutoka makao makuu ya shirika lake anapiga anachotaka, naye mwanafunzi wa historia mwenye simu ya kawaida anaogopa kuitoa mfukoni.

Upande wa pili, kuna kupiga bila adabu. Kuanzia mwaka 2016 na 2017, mapigano kati ya Watwa na Waluba yalipoleta maelfu ya wakimbizi wa ndani kandokando ya mji, watoto wa kambi walipigwa picha na watu wengi waliopita hapo, na si wote waliouliza jina la mtoto wala kumwomba mzazi. Katiba ya inchi, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Sheria juu ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Sura ya mtu ni mali yake, hata akiwa maskini.

Japani walifika wapi

Ili kuona mambo haya kwa macho mapya, inafaa kutazama inchi ambayo shida yake ni kinyume cha yetu. Japani si mbali na sisi kama inavyoonekana katika ramani. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, katika milima ya Mahale, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wanafuatilia maisha ya sokwe tangu mwaka 1965. Kyoto wanakotoka ndio mji wa Japani unaojulikana kuliko yote kwa mahekalu yake, na ni moja kati ya miji inayopigwa picha sana duniani.

Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni karibu milioni 37, kila mmoja na simu yake. Wanapiga picha mahekalu ya Kibudha, sehemu takatifu za dini ya Shinto, na barabara za Tokyo zenye taa za rangi. Fushimi Inari, huko Kyoto, ina maelfu ya milango myekundu ya mbao iliyopangwa juu ya mlima, kila mmoja ukitolewa na mtu au kampuni, jina likiandikwa nyuma ya nguzo. Hapo unaweza kupita usiku na mchana bila kulipa, na kupiga picha unavyotaka.

Lakini si kila mahali ni hivyo. Hekalu la Tōdai-ji, mji wa Nara, linaruhusu wageni kumpiga picha Budha wake mkubwa wa shaba, mwenye urefu wa mita 15 hivi. Hekalu la Sanjūsangen-dō, huko Kyoto, lenye sanamu 1001 za Kannon zilizosimama mistari mistari, linakataza picha kabisa ndani. Ise, mahali patakatifu kuliko pote katika Shinto, majengo yake hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho mwaka 2013, na anayekaribia jengo kuu anashusha kamera kabla ya kupanda ngazi. Simu zinazouzwa Japani zinatoa mlio kila zinapopiga picha, hata ukizima sauti, ili asiwepo mtu anayepigwa kwa siri.

Pamoja na hayo yote, watu walichoka. Katika mtaa wa Gion, huko Kyoto, wageni walikuwa wakiwakimbiza wanawake wanaovaa kimono kwenda kazini, wakiwashika mikono ili wapige nao picha. Mwaka 2024 wakaaji walifunga vichochoro vyao vya binafsi, na kuweka vibao vya faini ya yen 10 000 kwa anayeingia. Mwezi wa 5 mwaka huo huo, mji mdogo wa Fujikawaguchiko uliweka pazia jeusi lenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2 na nusu, kuwazuia watu waliojaa barabarani kupiga picha ya mlima Fuji ukionekana juu ya duka. Pazia liliondolewa mwezi wa 8.

Huko picha zimezidi hadi wakaaji wanajificha. Huku picha ni haba hadi mji unapotea bila kuonekana. Lakini jibu la Wajapani linatufaa na sisi: kila mahali pana mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayesema wapi, lini, na vipi. Akiruhusu, unapiga bila hofu. Akikataa, unaweka kamera mfukoni bila ubishi.

Ndani ya nyumba ya Mungu

Kwetu, adabu hiyo si ngeni. Anayeingia katika hekalu la Wakimbangu anavua viatu, sawa na anayeingia katika mahekalu mengi ya Japani. Msikitini vilevile. Kwa Wakatoliki, hakuna anayesimama mbele ya altare na kamera wakati wa mageuzo. Tunayajua haya, tunayasahau siku ya harusi, mpiga picha anapompita padri ili apate sura ya pete.

Kwa anayetaka kupiga picha za nyumba za ibada katika jimbo letu, njia ni fupi. Aende siku isiyo ya ibada. Aanze na paroko, imamu, mchungaji au mlinzi wa mlango, aeleze jina lake, na picha zitakwenda wapi. Aulize ni sehemu gani haipigwi. Asiwashe mwanga wa kamera juu ya watu wanaosali. Kisha arudi na picha zilizochapwa, angalau moja, na kuiacha hapo. Hatua ya mwisho ndiyo inayofungua mlango mara ya pili.

Barabarani pia ni hivyo. Kwa mtaa, aanze na shefu wa kartie. Kwa mtu anayeuza dukani au sokoni, salamu kwanza, foto baadaye. Kwa bandari na gare, aombe karatasi kwa maandishi, na kuitembeza siku ya kupiga. Wakubwa wa mji nao wangeweza kusaidia kwa kutangaza wazi ni sehemu zipi zimekatazwa na ni nani anayetoa ruhusa, ili mtu asisimamishwe mbele ya nyumba ya babu yake.

Moto, maji, na picha zilizorudi

Je, picha za watu wa kawaida zina faida gani? Japani imejibu swali hilo mara mbili, na majibu yote mawili yanatuhusu.

La kwanza ni la moto. Tarehe 31 Oktoba 2019, jumba la kifalme la Shuri, katika kisiwa cha Okinawa, liliungua. Watafiti waliwaomba watu wa dunia nzima waliowahi kulitembelea watume picha zao. Maelfu ya picha zilifika, zikaunganishwa kwa kompyuta, na jumba likaonekana tena kwenye skrini kutoka pande zote. Picha za matembezi, zenye watoto wanaokula barafu mbele ya lango, ziligeuka kuwa kumbukumbu ya taifa.

La pili ni la maji. Tarehe 11 Machi 2011 tsunami ilibomoa miji ya pwani ya kaskazini-mashariki. Wanajeshi na wazima moto waliotafuta watu katika tope walikuta pia albamu za familia, nao hawakuzitupa. Katika mji wa Yamamoto peke yake, watu wa kujitolea waliokota na kuosha laki kadhaa za foto, moja moja, wakazipanga katika ukumbi ili wenye nazo waje kuzitafuta. Kuna waliopoteza nyumba na jamaa, wakarudi na foto moja mkononi.

Kazi hiyo haihitaji mashine. Wengi katika mitaa ya ufuko wana albamu zilizolowa, na haya yanaweza kufanyika nyumbani:

– Usisubiri. Foto iliyolowa na maji machafu inaliwa na vijidudu, na rangi yake inatoka baada ya siku chache.
– Kabla ya kuigusa, ipige picha kwa simu kama ilivyo. Hata ikiharibika, nakala itabaki.
– Itoe kwenye albamu polepole. Ikiwa zimeshikamana, zitie zote katika maji safi ya baridi hadi ziachane zenyewe. Usizivute.
– Ishike kwenye kingo. Ioshe katika sahani ya maji safi bila sabuni, na usisugue upande wa sura.
– Itundike kivulini kwa kibanio cha nguo, au ilaze juu ya kitambaa safi, sura ikitazama juu. Jua kali litaikunja.
– Foto zilizotolewa na mashine ndogo ya ofisi zisitiwe majini. Wino wake unayeyuka. Zikaushwe tu.

Tuanze wapi?

Kijana mwenye simu anaweza kuanza kesho. Achague mahali kumi: kona ya avenue yake, kituo cha pikipiki, kanisa, msikiti, soko, kisima, nyumba ya zamani kuliko zote mtaani, mwalo wa mitumbwi, ukuta ulioguswa na maji, na shule yake. Apige kila mahali akiwa amesimama pale pale, asubuhi, halafu arudi mwaka kesho saa ile ile na mwaka unaofuata. Picha moja ni nzuri. Picha tano za mahali pale pale katika miaka mitano ni ushahidi, na mhandisi, mwalimu au mwanasheria anaweza kuutumia.

Aandike tarehe, mahali, na majina ya watu waliokubali. Picha isiyo na jina inakuwa ya mtu yeyote, kama zile za kadi za posta. Asitegemee WhatsApp peke yake: inapopitishwa humo kwa njia ya kawaida, picha inapunguzwa na habari za tarehe zinapotea; itumwe kama hati, dokima. Na iwekwe mahali pawili, mojawapo mbali na ufuko. Shule na parokia zinaweza kutunza diski moja kwa ajili ya mtaa mzima.

Ziwa lina tabia yake. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alipofika Lukuga, mto pekee unaotoa maji ya ziwa kuyapeleka Lualaba, aliukuta umejaa majani na tope. Maji yalizidi kupanda hadi mwaka 1878 hivi, yakavunja kizuizi na kushuka. Mwaka 1964 yalipanda tena, na wazee wanakumbuka. Sasa yamepanda mbele ya macho yetu. Yatashuka, na siku nyingine yatarudi.

Kutoka mara ya kwanza tuna maandishi ya wasafiri. Kutoka mara ya pili tuna maneno ya wazee, na foto chache zilizofifia ndani ya masanduku. Mara hii ya tatu, karibu kila nyumba ya Kalemie ina kamera. Watoto watakaozaliwa juu ya vilima, katika mitaa mipya, watauliza babu zao waliishi wapi. Itakuwa vizuri kuwaonyesha.